Sanduku la Kukaushia Daftari la Babu

Wiki iliyopita nilinunua viatu. Najua si habari ya kumpa mtu, lakini nivumilie. Ndani ya kiatu cha kushoto mlikuwa na kijipakiti cheupe chenye chembechembe zinazochachatika ukikitikisa. Mjukuu wangu akanisomea maandishi yake: usile. Akataka kujua, kama si cha kuliwa, kiliwekwa cha nini. Nikamwambia kinakunywa unyevu ili viatu visiote ukungu. Akacheka, akasema kitu kisicho na mdomo hakinywi. Nikabaki nacho mkononi mpaka chai yangu ikapoa, maana mimi nilishaona kitu kisicho na mdomo kikinywa unyevu, nikiwa na miaka kumi na moja, kwetu Mafia, ndani ya sanduku la majani ya chai lililozibwa kwa mpira wa baiskeli.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tukikaa ndani ya minazi, upande wa Baleni, nyumba hapa, nyumba kule, kila mtu na mihogo yake na kuku wake na ugomvi wake. Tukaambiwa tusogee barabarani, tujenge kwa mstari, ili tupate shule na maji ya bomba. Shule tuliipata. Bomba lilikuja baadaye, nalo lilikohoa zaidi ya kutoa maji. Bibi yangu, aliyenilea tangu siku ya kwanza, hakupinga. Kasha lake la mbao lilibebwa na wanaume wawili, naye akatembea kando yake njia nzima, mkono juu ya kifuniko, kama anayesindikiza mgonjwa.

Makuti ya nyumba mpya hayakutosha. Wanawake walisuka mpaka vidole vikachanika, lakini nyumba zilikuwa nyingi, na masika hayakusubiri mtu. Paa letu lilivuja pembeni, na pembeni ndipo tulipoliweka kasha. Hatukujua. Tulikuja kulifungua baada ya siku tano, siku bibi alipotafuta kanga ya kwendea msibani. Harufu ilitupiga usoni kabla kifuniko hakijafika nusu. Kanga zilikuwa na madoa meusi, na chini yake, ndani ya kitambaa cheupe ambacho hakikuwa cheupe tena, lilikuwamo daftari la babu, limelowa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.  Bibi aliketi chini palepale, miguu ameinyoosha mbele, akalipakata.

Babu sikumjua, alifariki mimi sijaanza kutambaa. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na katika daftari lile lenye jalada la ngozi aliandika kwa miaka mingi kila mtoto aliyezaliwa na kila mtu aliyefariki pale kwetu, kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, kwa kalamu ya mwanzi na wino aliouchemsha mwenyewe kwa masizi na utomvu wa mti. Ukurasa wa mwisho aliouandika ulikuwa wa mama yangu.

Hapa lazima nikuambie habari ya mama, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu wazima walihangaika na makaratasi. Mama alimpenda mvuvi mgeni. Wavuvi hao walikuja kila msimu kutoka pwani nyingine, wakapiga dago ufukweni, wakaishi kwenye vibanda vya makuti, wakavua na kukausha samaki, kisha wakaondoka. Mwaka mmoja walipoondoka, mama akaondoka nao. Babu hakumfuata. Alikataza tu jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Mwaka uliofuata mama akarudi peke yake, tumbo limemtangulia, akakaa chumba cha uani miezi mitatu, baba na binti wakipishana uani bila neno zaidi ya salamu. Akafa siku ya kunizaa. Babu aliporudi kutoka makaburini aliketi na daftari lake, akaandika, akalifunga. Bibi akamuuliza, "Mwanetu umemwachia radhi?" Babu akajibu, "Nililonalo nimeliandika." Mwaka haukwisha naye akafa.

Kama umekulia pwani, sina haja ya kukueleza uzito wa radhi za mzazi. Bibi hakufundishwa kusoma khati ile ya Kiarabu. Angeweza kulipeleka daftari kwa mwalimu yeyote wa chuo, lakini aliogopa: kama mle mlikuwa na maneno makali, yangefika visimani kabla ya jua kuchwa, na mwanawe angesemwa hata kaburini. Kwa hiyo akangoja. Alinipeleka chuoni mapema kuliko watoto wote, akanisimamia kwa kofi na kwa visheti, ili nije nimsomee mimi. Miaka kumi na moja alilala na lile kasha miguuni pake bila kujua kama mume wake alimsamehe mtoto wao au la. Haya yote aliniambia siku ileile ya kanga, kwa sauti ya chini, huku maji yakichuruzika kutoka kwenye daftari na kulowesha mapaja yake.

Jirani yetu, mama mwenye roho nzuri na ushauri mwingi, alisema tuliweke juu ya moto, kwenye dari la jikoni. Bibi akakataa, akalianika juani. Karatasi moja ya juu ilikuwa imeachana na nyingine. Kwenye jua ikajikunja, na wino ukabanduka ukaanguka kama masizi ya sufuria. Watoto watatu walipotea hapo, majina na siku zao. Na jua lenyewe lilikuwa la kuchungulia tu. Siku zile hata chumvi ilikuwa ikiyeyuka ndani ya kifuu chake, viberiti haviwaki, mito inanuka. Siku ya tatu nikaona ukungu wa kijani pembeni mwa daftari, laini kama manyoya ya kifaranga, na hapo nikaogopa kweli.

Nikamwambia mwalimu wetu wa shule. Alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwenye suruali moja ya kaki aliyoipiga pasi kila siku ya Mungu. Bibi alikuwa akimkwepa, kwa kuwa mara tatu alikuja kumwita kwenye kisomo cha watu wazima na mara tatu bibi aliumwa. Alipobisha hodi na kusema shikamoo, bibi akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Kama umekuja na habari za kisomo, na leo nina homa." Mwalimu akasema amekuja kumwona mgonjwa mwingine. Akalishika daftari kwa mikono miwili, akalinusa, akajaribu ukingo wake kwa ukucha. Kurasa zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja.

"Bibi, hili tukilikausha kwa haraka litavunjika. Tukilichelewesha litaoza. Linataka lipunguziwe maji kidogo kidogo, kila siku sawa na jana."

"Na mvua hii?"

"Tutalitengenezea hewa yake lenyewe."

Nilidhani ni maneno ya kitabuni. Lakini Jumamosi ile tulikwenda mjini Kilindoni, mimi na yeye, tukarudi na sanduku la mbao nyembamba, la majani ya chai, ambalo ndani lilikuwa na karatasi ya kung'aa kama bati. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa na rafu tupu nyingi kuliko zenye vitu, alitupatia aliposikia ni la kuokolea kitabu cha marehemu. Alituomba tu tumwombee dua na yeye. Kioo cha dirisha dogo la mbele tulikitoa kwenye saa ya ukutani ya shule, ambayo ilikuwa imesimama saa tisa tangu siku shule ilipofunguliwa. Wavu wa waya ulitoka kwenye kabati la chakula lililoliwa na mchwa. Mpira wa ndani wa baiskeli, uliojaa viraka, tukaukata ukanda tukauzungusha mdomoni mwa sanduku ili kifuniko kikae bila kupitisha hewa. Misumari tuliinyoosha juu ya jiwe, na kidole gumba changu cha kushoto bado kina alama. Wavu ukawa kitanda cha daftari katikati ya sanduku. Chini yake pakawa na nafasi ya bakuli. Na ubavuni mwalimu akatoboa tundu mbili, akaziwekea vifuniko vya kopo la maziwa vinavyozunguka kwenye msumari.

Bakuli lilikuwa la chokaa. Ufukweni, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, alikuwako mzee mmoja mchoma chokaa, mwenye nyusi nyeupe kwa kazi yake, aliyepanga matumbawe juu ya magogo ya minazi na kuyachoma mpaka yakawa meupe. Watu walinunua chokaa yake ikiwa imekwisha kumwagiwa maji na kulainika. Sisi tulitaka ile ambayo haijaonja maji hata tone. Alicheka mpaka akakohoa: "Chokaa kavu! Mtajengea nini, pepo?" Lakini alitujazia debe, akalifunika, akatuonya tusiiguse kwa mkono wenye jasho. Mwalimu alinieleza njiani kwamba chokaa ya namna ile ina kiu, na ikikosa maji ya kunywa hunywa unyevu wa hewani. Nilibeba kiu ile kichwani kutoka ufukweni mpaka nyumbani, na mvua ikitishia, tukakimbia robo ya njia.

Sasa ilibaki namna ya kujua hewa ya ndani ina maji kiasi gani, ili tundu zifunguliwe au zifungwe. Hapo ndipo mwalimu alipotutia aibu kijiji kizima. Alisema anahitaji unywele wa mtu, mrefu, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikiwa na maji na hufupika ikikauka. Wake alikuwa amenyoa. Wangu ulikuwa hautoshi hata kufungia nzi. Akamgeukia bibi, ambaye alikuwa na nywele za kufika mabegani, akamwomba mmoja.

 Bibi, kama wanawake wote wa rika lake, hakuacha unywele wake ukaonekana na mtu. Kila alipochana alizikusanya zilizotoka, akazivingirisha, akazichomeka kwenye ufa wa ukuta, na Ijumaa akazizika chini ya mgomba. Unywele wako mkononi mwa mtu mwingine ni maisha yako mkononi mwake. Jirani alikuwa anapita na ndoo, akasikia, na kabla ndoo haijajaa kila mtu alijua kwamba mwalimu wa bara kamwomba bibi yangu unywele. Wengine walisema ni uganga. Wengine, Mungu awasamehe, walisema ni mapenzi.

"Mwanangu," bibi alisema, taratibu sana, "kwenu bara mwanamke anaombwa unywele?"

Mwalimu alitazama miguu yake, akaomba samahani, akaondoka.  Siku mbili baadaye bibi alilifunua daftari, akaona ukungu umevuka ukingo na kuingia kwenye maandishi. Akaniita, "Mke mwenzangu," maana ndivyo alivyoniita siku zote, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "nenda kamwite yule mwalimu." Alipokuja, bibi alikuwa amefumua msuko mmoja. Akauchagua unywele, mweupe kutoka shinani hadi nchani, akaung'oa.

"Mmoja tu. Kazi ikisha, unirudishie mkononi mwangu."

"Nitakurudishia, bibi."

"Mkononi mwangu, si mwa huyu mtoto."

Tuliuosha kwa sabuni mpaka mafuta ya nazi yakaisha. Ncha moja ilifungwa kwenye msumari juu, unywele ukazungushwa kwenye kigurudumu cha uzi wa cherehani, na ncha ya chini ikaning'inizwa kipande kidogo cha risasi ya mshipi wa kuvulia samaki. Kwenye kigurudumu mwalimu alitia mshale wa saa ileile iliyokufa, ukawa mzito. Akatia kijiti cha ufagio, na kijiti kikasogea. Nakuambia kilisogea! Tulifungua kifuniko, hewa ya masika ikaingia, kijiti kikaenda kulia polepole. Tukafunga, chokaa ikaanza kunywa, kikarudi kushoto. Bibi alitazama kwenye kioo unywele wake ukifanya kazi, akajishika kidevu, akasema, "Kumbe bado nina nguvu."

Kazi yangu ikawa kukitazama kijiti asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kuandika kilipo. Kikienda kushoto kupita alama, nafungua tundu. Kikienda kulia, nafunga na kubadilisha chokaa. Sijawahi tena kupewa kazi niliyoipenda vile. Nilikataa kucheza mdako. Nilikuwa naamka na wazo la kijiti. Ukungu ulisimama, ukakauka, mwalimu akaupangusa kwa unyoya wa kuku. Siku ya tisa daftari lilikuwa kavu kwa nje, na siku ya kumi mwalimu akajaribu kufungua kurasa kwa kisu cha mbao. Hazikufunguka. Zilikuwa zimekauka zikiwa zimeshikana, ngumu kama ubao. Niliona anavyolirudisha, polepole kupita kiasi, na nikaelewa. Bibi alielewa pia. Akaenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri, tangu awe mjane, bibi alilitoa daftari la babu, akalifukizia udi, akalinyunyizia marashi ya mawaridi na kumsomea marehemu Fatiha. Wiki iliyotangulia alijizuia. Alhamisi hii, nadhani kwa kukata tamaa, hakuweza. Mimi nilikuwa chuoni. Alifungua kifuniko, akanyunyiza marashi kwa mkono mpana, kama afanyavyo mtu kwenye maulidi, na marashi yakapita kwenye wavu yakaangukia chokaa.

Nilipofika nilikuta nyumba inanuka mawaridi na tanuru kwa pamoja. Chokaa ilikuwa inachemka na kufoka, mvuke umejaa sandukuni, kioo hakionyeshi kitu. Bibi alikuwa amekifunga kifuniko kwa hofu na kukikalia. Ndiyo, alikikalia, bibi yangu, macho yamemtoka, akiniambia, "Nimemuua, mke mwenzangu. Babu yako amekufa mara ya pili." Nilikimbia kumwita mwalimu nikilia barabara nzima.

Mwalimu alikuja akihema, akambembeleza bibi ashuke, akatoa bakuli kwa koleo, akalitazama daftari. Jalada lilikuwa na jasho. Baadhi ya herufi za pembeni zilikuwa zimevuja. Akaingiza kisu cha mbao, kwa mazoea tu nafikiri, na ukurasa wa kwanza ukaachana na wa pili. Akasimama. Akajaribu tena. Ule mvuke wa moto ulikuwa umelainisha kile kilichozigandisha, na sasa kurasa ziliachana moja moja kama chapati za kusukuma. Alinitazama, akanikabidhi kisu. "Anza nyuma," alisema. Kisha akatoka nje akasimama barazani, akatugeuzia mgongo, kwa sababu bibi alikuwa amemweleza tunachokitafuta mle, na yeye alikuwa mtu wa adabu.

Ukurasa wa mama ulitoka na kona moja imebaki imeshikamana na ukurasa wa pili yake. Mistari miwili ya katikati ilikuwa wingu tupu. Iliyobaki nilisoma kwa kusuasua, kidole chini ya kila neno bila kuligusa, na bibi ameshika bega langu hata likauma. Babu aliandika hivi:

"Leo alfajiri mwanangu amefariki kwa uzazi. Mtoto wake wa kike ni mzima." Kisha lile wingu. Kisha: "Radhi zangu nilimpa siku ileile aliyoondoka, na Mungu ni shahidi. Sikumwambia, nikingoja aje aniombe. Alikuja, akaona haya kuomba, nami nikaona haya kumwanza."

"Soma tena," bibi akasema. Nikasoma. "Tena." Mara ya tatu alikuwa analia, nami nikadhani ni furaha, nikamkumbatia. Akanitoa mikono polepole.

"Miezi mitatu walikuwa kwenye ua mmoja," alisema. "Mume wetu huyu, mke mwenzangu. Kinywa alikuwa nacho!"

Mwalimu alimrudishia unywele wake mkononi, umefungwa kwenye karatasi safi, na bibi akauzika chini ya mgomba bila kungoja Ijumaa. Kesho yake alijifunga kanga mbili akanichukua mpaka kwetu kwa zamani, ndani ya minazi, ambako nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka na makaburi tu ndiyo yaliyobaki hayakuhamishwa. Alilipita kaburi la babu bila kusimama. Akaketi kando ya kaburi la mama, akalisafisha majani, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Akauliza, si mimi aliyemuuliza, "Umesikia, mwanangu?" Tulikaa pale mpaka viatu vyetu vikalowa. Wakati wa kurudi alimwambia babu maneno mawili tu: "Wewe ngoja." Na tangu hapo kila tulipokwenda, babu alikuwa wa pili.

Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Bibi alimpa mkeka na hakumwonea haya kumlilia. Kisomo alikwenda, akajifunza kuandika jina lake na la mwanawe, akaacha, akasema yanamtosha. Sanduku likawa kiota cha kuku, kisha kuni. Tanuru za ufukweni zimekwisha, na ni vizuri, maana matumbawe nayo ni viumbe. Bibi amelala Baleni. Wino wa babu umeendelea kufifia, na ukurasa ule sasa ni rangi ya kahawia tu. Ukiniomba nikusomee nitakusomea, lakini nitakuwa nasoma kutoka kichwani.

Mwaka jana nilikwenda makaburini. Ng'ombe wamepita, minazi imeanguka, mawe yamesogea, na kwa aibu yangu sikuweza kujua mama yupo wapi: palikuwa na mawe ya matumbawe kwenye makaburi mawili ya upande uleule, na hakuna aliye hai wa kunionyesha. Nilisimama katikati, nikayasema maneno ya babu kwa sauti, neno kwa neno, nikigeukia moja, kisha jingine. Mmoja wao si mama yangu. Naye azipokee vilevile radhi za babu. Zilikaa kimya muda mrefu mno, sitaanza leo mimi kuchagua wa kumpa.